Nipe Mji: Niliyojifunza katika Madarasa ya Wadogo Maskati

Katika skuli za serikali hapa Omani, darasa la kwanza hadi la nne ni mzunguko wa kwanza wa elimu ya msingi. Wavulana na wasichana husoma pamoja, na walimu wao ni wanawake. Mimi nilishika hisabu na sayansi upande wa Seeb, kwenye mtaa ambao nyumba nyingi husema Kiarabu sebuleni na Kiswahili jikoni. Haya ndiyo yaliyonibakia.

1. Asiyejua apewe njia ya kulipa.

Bibi yangu akitega kitendawili tukashindwa, alidai mji. Ukimpa, atakwenda huko, atakula na kunywa, kisha atarudi na jawabu. Mchezo huo niliupeleka darasani kwa Kiarabu. Swali la kuzidisha likimshinda mtoto, simkaripii wala simruki kwenda kwa mwenzake. Namwambia, "Nipe mji." Akinipa Salalah, naondoka papo hapo mbele ya ubao. Nasimulia mvua za kharifu za mwezi wa Julai zinavyonirowesha huku Maskati watu wanaungua, kisha narudi na njia ya kupata jawabu, naye ndiye anayeimalizia. Akinipa Nizwa, naingia soko la mbuzi la Ijumaa asubuhi, na hapo hisabu inajileta yenyewe: mbuzi sita, kila mmoja riali 70, nilipe ngapi?

Waliokuwa wakijificha nyuma ya migongo ya wenzao wakaanza kunyoosha mikono. Wengine, wajanja, walishindwa makusudi ili wanipeleke Sur nikatazame majahazi. Nikaweka sharti kwamba mji uliokwishatolewa hautolewi tena wiki hiyo. Miji mikubwa ikawaishia, wakaingia kwenye vijiji vya babu zao ambavyo mimi mwenyewe sikuwahi kuvisikia. Hapo ikabidi wao wanieleze njia, nami nikapata kuwasikia watoto wasiosema kitu wakiongea dakika nzima mbele ya darasa.

2. Hisabu nyingi hukwama kwenye maneno.

Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 vitabu vyetu vya hisabati na sayansi vimetokana na mfululizo wa Cambridge, uliofasiriwa kwa Kiarabu. Ni vitabu vizuri, ila vimejaa maelezo. Mtoto anayejua kugawa 48 kwa 6 bila kufikiri hupotea kabisa tende hizo 48 zikiwa za Salim, naye anataka kuzipanga kwenye visahani. Basi nikawa nawapa kazi ya nyumbani isiyoandikwa: msomee bibi swali, umweleze Salim ana shida gani.

Kwa nini bibi? Kwanza, mama yuko kazini mpaka alasiri. Pili, mabibi hawa wana historia yao. Mwaka 1970, Sultan Qaboos alipotawala na kuwaita Waomani walioko nje warudi, nchi ilikuwa na skuli tatu tu za kisasa na wanafunzi kiasi cha 900, wavulana watupu. Wengi waliorudi kutoka Unguja na Pemba walikuwa wamekwishasoma huko. Bibi wa aina hiyo anasoma Kiswahili bila taabu na Kurani aliihitimu chuoni, lakini Kiarabu cha kitabu cha skuli anakisoma kwa kukipapasa. Kwa hiyo anauliza kweli: "Enhe, huyo Salim anataka nini? Visahani vingapi?" Mtoto akishamfahamisha, swali limekwisha nusu, na kugawanya ni kazi ndogo.

Mwenzangu mmoja aliniambia Kiswahili cha nyumbani kinamchelewesha mtoto. Nilimsikiliza, nikaendelea. Niliyemwona amechelewa ni yule asiyezungumzwa naye kwa lugha yoyote, amepewa simu akae kimya.

3. Habari njema itangulie.

Barua za skuli hurudi zimetiwa saini bila kusomwa. Nikaanza kuwatumia mabibi ujumbe wa sauti kwa Kiswahili, mfupi. Naanza na "Sabalkheri, bi mkubwa," kisha jambo moja zuri alilolifanya mtoto siku hiyo, basi. Wiki ya tatu nikisema kijana hakufanya kazi yake, bibi hanuni. Ananijibu, "Mwachie mimi, mwanangu," na kweli namwachia.

4. Jumapili si siku ya mada mpya.

Wikendi yetu ni Ijumaa na Jumamosi, na familia nyingi hukimbilia bara, Samail, Ibra au Rustaq. Watoto hurudi usiku. Kipindi cha kwanza cha Jumapili nakigeuza kuwa cha kupima na kukisia walivyokuja navyo: ndimu ngapi kwa kilo, shina la mtende linazungukwa na mikono mingapi.

5. Tazama tumbo kabla ya kupima akili.

Basi la skuli hupita alfajiri, na mtoto mwingine hupanda hajatia kitu kinywani. Mandazi kwenye droo yangu yalifanya kazi kubwa kuliko vitabu kadhaa vya malezi nilivyovisoma.

6. Ufundi wa nyumbani una hisabu tayari.

Ulinganifu wa maumbo huwachosha watoto ukichorwa ubaoni. Wavulana wetu huvaa kanzu na kofia za kushona kwa mkono, zile za vitundu, ambazo ni jamaa wa karibu wa kofia za Unguja. Nilimwalika bibi mmoja mshonaji. Alikaa kwenye kiti kidogo cha mtoto, akafungua kitambaa ambacho bado hajakimaliza, akaonyesha anavyokikunja sehemu nne na kutia alama kabla ya sindano ya kwanza, maana ua likikosea upande mmoja kofia nzima itaonekana imepinda. Hakusema neno "ulinganifu" hata mara moja. Watoto walihesabu vitundu kwa sauti, robo baada ya robo, na wasichana waliuliza maswali mengi kuliko wavaaji.

Siku chache baadaye baba mmoja alifika na malalamiko: mwanawe amemwambia mbele ya wageni kwamba kofia yake ya ghali imezidi vitundu viwili upande wa kushoto. Akaivua, tukaiweka mezani, tukahesabu sote watatu. Vilizidi viwili.