Funjo Litikisikalo Pasipo Upepo

Katika wilaya ya Ngara, Mto Ruvubu hutoka Burundi ukaingia katika Kagera, na maji yote huanguka pamoja Rusumo. Mtu wa Mugoma ashukapo mtoni siku isiyo na upepo, aweza kuona jambo la ajabu: mafunjo ya ukingoni yametulia, lakini funjo moja lililosimama ndani ya mkondo latikisika huku na huku, halikomi. Wengine husema samaki analitafuna shinani. Labda mara moja moja. Lakini mara nyingi ni kazi ya maji yenyewe.

Maji yafikapo kwenye bua hugawanyika, mengine kulia, mengine kushoto. Kama bua lingechongoka kwa nyuma, mfano wa samaki, yangekutana tena taratibu. Lakini ni butu, na maji yaendayo mbio hayawezi kulizunguka mpaka mgongoni. Basi hujitenga nalo na kujikunja: mzunguko mmoja hutoka kulia ukachukuliwa na mkondo, kisha mwingine kushoto, kwa zamu, kama nyayo za mtu atembeaye. Kila utokapo mzunguko, bua huvutwa upande.

Mwaka 1911 mtaalamu Theodore von Kármán alionyesha kwa hesabu jinsi mizunguko hiyo inavyojipanga. Nguzo ya mviringo yenye upana wa sentimita 10, katika maji yaendayo mita 1 kwa sekunde, huvutwa huku na huku kiasi cha mara 2 kila sekunde. Nguzo ikiwa nyembamba zaidi, hutetemeka upesi zaidi. Atakaye kuona na asimamishe kijiti katika mfereji wa shamba, anyunyize majivu juu ya maji. Asiende mtoni, Ruvubu ina mamba na viboko.

Upepo nao hufanya vivyo hivyo. Huko Ferrybridge, Uingereza, palijengwa minara 8 mikubwa ya kupozea maji, katika safu mbili. Tarehe 1 Novemba 1965 dhoruba ilivuma, na minara 3 ikaanguka. Iliyoanguka ni ya safu ya nyuma, iliyodhaniwa kuwa imekingwa na wenzake. Kumbe ilikuwa ikipigwa na upepo uliovurugwa na ile ya mbele. Siku hizi mabomba marefu ya moshi mara nyingi huzungushiwa mbavu za chuma, kama mtambaazi juu ya mti, ili mizunguko ya upepo isipate kutoka kwa zamu moja kutoka chini hata juu.