SOMO: MIGUU PAMOJA, MOYO PAMOJA

Masomo: Hesabu 2:1-34, Yoshua 6:1-20



Vijana wetu wakipita kwa mstari nyuma ya fanfari, wengine huuliza: "Ninyi Wakimbangu mnakataa vita. Sababu gani mnatembea kama maaskari?" Tujifunze.

1. Askari mpya huanza wapi?

Mbele ya kupewa bunduki, hufundishwa kusimama: visigino pamoja, macho mbele, kinywa kimya. Mguu wa kushoto ndio unaanza. Mwenye miguu mirefu hupunguza hatua ili mfupi asiachwe nyuma. Wote husikiliza sauti moja. Hata Israeli, kila kabila lilikuwa na mahali pake kuzunguka hema. Na kule Yeriko walizunguka kimya mpaka waliposikia amri.

2. Miguu peke yake haitoshi

Maaskari wa Force Publique walijua sana kutembea. Tarehe 19 Septemba 1916 waliingia Tabora. Lakini tarehe 5 Julai 1960, siku tano baada ya uhuru, wale wa kambi ya Thysville waliasi. Maofisa wao walikuwa Wabelgiji, na Jenerali Janssens aliandika ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawa na mbele ya uhuru. Miguu ilikuwa imetii miaka mingi, lakini moyo haukuheshimiwa.

Ni Thysville hiyohiyo ambako, tarehe 3 Oktoba 1921, baraza la kijeshi lilimhukumu Papa Simon Kimbangu kifo. Hukumu iligeuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa miaka thelathini gerezani Elisabethville, wala hakuinua silaha.

3. Kwetu Manono

Mwaka wa 2016 na 2017, Waluba na Batwa walipigana katika eneo letu. Vijiji vilichomwa, vijana walishika mishale. Vijana hao walifundishwa na mtu. Basi sisi tuwafundishe mbele yake. Mkiwapanga, Mluba na Mtwa wasimame bega kwa bega. Anayekosea hatua asipigwe wala asichekwe. Mstari wote uanze upya pamoja naye.

Tunasema: Upendo, Amri, Kazi. Upendo ndio mguu wa kwanza.

Maulizo
1. Katika mstari wetu, nani ameachwa nyuma?
2. Nani anatusikilizisha sauti isiyo ya Bwana?