SOMO LA MIFUGO: KWA NINI KONDOO MWENYE MIMBA HUANGUKA GHAFLA?



Msimu uliopita jirani yangu alipoteza kondoo jike siku chache kabla ya kuzaa. Alikuwa mnene, na tumboni mlikuwa na pacha. Watu walisema amepigwa jicho. Mimi ndiye niliyemshauri mama huyo ampunguzie majani ili watoto wasiwe wakubwa mno. Nilikosea. Baadaye daktari wa mifugo alinieleza sababu, nami nawaeleza ninyi.

1. Homoni ni nini?
Homoni ni mjumbe wa mwili. Tezi huitoa ndani ya damu, nayo hupeleka amri kwenye ini, mifupa, figo na mafuta. Amri ikichelewa, au ikizidi, mnyama huugua.

2. Homoni na mafuta
Kongosho hutoa insulini. Chakula kikiwa kingi, insulini huamuru mwili uweke akiba ya mafuta. Kondoo wetu huyaweka hasa mkiani. Chakula kikipungua, insulini hushuka, na homoni nyingine huamuru akiba itolewe.

Mimba ya kondoo huchukua miezi mitano hivi. Mtoto hukua zaidi katika wiki 6 za mwisho, naye hutumia sukari nyingi ya damu ya mama. Wakati huo homoni za mimba huufanya mwili wa mama usiitii sana insulini, ili sukari imfikie mtoto. Ukimnyima chakula sasa, mafuta hutoka kwa wingi na kulifurika ini. Ini hushindwa kuyachoma yote, hutoa ketoni, na ketoni zikizidi humdhuru mnyama. Kwa hiyo mwenye mafuta mengi na mwenye pacha ndio walio hatarini kuliko wengine.

3. Homoni na madini
Mifupa ya mtoto na maziwa vinahitaji kalisi. Shingoni mna tezi ndogo ziitwazo parathiroidi. Kalisi ikipungua katika damu, homoni yake huamuru mifupa itoe kalisi, na figo zisiipoteze. Pia huziamuru figo ziiamshe vitamini D, ili utumbo ufyonze kalisi zaidi. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Kondoo akikosa kula ghafla, kwa mfano akisafirishwa mbali au akifungiwa kutwa, kalisi huweza kushuka kabla homoni haijamaliza kazi yake.

4. Tofautisha dalili
(a) Ugonjwa wa mafuta: huja polepole. Kondoo hujitenga, hakati majani, husaga meno, hutembea kama kipofu, na pumzi yake huweza kunuka utamu. Baada ya siku chache hulala.
(b) Upungufu wa kalisi: huja ghafla. Kondoo hutetemeka, hukaza miguu, kisha huanguka na huenda tumbo likavimba. Huweza kufa siku hiyo hiyo.
Wakati mwingine yote mawili huja pamoja.

5. Tufanye nini?
• Usimpunguzie chakula mwenye mimba katika wiki 6 za mwisho. Mwongezee kidogo kidogo, mara mbili kwa siku.
• Changanya majani ya jamii ya kunde, kama lukina, na majani ya viazi vitamu. Pumba za mahindi zina kalisi kidogo, hazitoshi peke yake.
• Mwekee maji safi na jiwe la chumvi lenye madini.
• Usimwache anenepe kupita kiasi mapema, wala usimkondeshe mwishoni.
• Akianguka, mwite mhudumu wa mifugo saa hiyo hiyo. Dawa ya kalisi huweza kumwinua upesi. Usijaribu kuichoma mshipani mwenyewe, kwani ikiingia haraka husimamisha moyo.
• Usitegemee kumnywesha maji ya sukari. Vijidudu vya tumboni huila kwanza.

Jipime
1. Kwa nini kondoo mnene mwenye pacha yuko hatarini?
2. Tezi gani hulinda kalisi?
3. Utafanya nini kondoo wako akijitenga na wenzake wiki 3 kabla ya kuzaa?

Anayefuga amsomee asiyejua kusoma. Kondoo mmoja akifa, watoto wa nyumba nzima hupoteza maziwa na ada ya shule. Jirani yangu amepata jike mwingine, na safari hii tunamlisha vizuri.