Kujitengenezea Patasi ya Keezo

Kabla sijaanza, neno moja la Kiswahili. Mashine inayozungusha mti ili uuchonge uwe mviringo, kama miguu ya vile vitanda vya Lamu, huitwa keezo, na kazi yenyewe ni kukereza. Katika karakana nyingi utasikia "leithi" tu. Mimi nitasema keezo, maana hili ni jarida la Chama cha Kiswahili.

Likizo ya Agosti nilikuwa kwa mjomba, fundi seremala. Patasi zake za keezo zilikuwa zimeisha kwa kunolewa, na mpya ni ghali mno. Tulikuwa na oda ya miguu 20 ya stuli, na humo ndimo karo yangu ya muhula wa tatu ingetoka. Basi nikaokota tupa kuukuu, nikainoa, nikaitia mpini. Nikajiona fundi! Mguu wa pili tu, pa! Tupa ikakatika na kipande kikanipasua juu ya jicho. Kovu ninalo.

Mjomba hakunigombeza. Alinifunga jeraha, kisha akasema, "Mwanangu, tupa ni ngumu kama kioo. Wewe umeinoa tu, hukuipika."

Kumbe tupa ni feleji yenye kaboni nyingi, imefanywa ngumu kusudi ikwaruze chuma kingine. Ugumu huo ndio unaoifanya ikatike. Tuliichoma nyingine katika makaa hadi ikawa nyekundu, tukaifukia kwenye majivu usiku kucha ipoe polepole. Asubuhi ilikuwa laini. Tukaondoa meno yote, maana ufa huanzia hapo, tukaikata ncha iwe duara na makali yenye pembe ya nyuzi 70 hivi.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Tulichoma ncha tena, kiasi cha sentimita 4. Utajuaje imetosha? Mjomba alikuwa na sumaku ya spika ya redio iliyoharibika. Chuma kikifika nyuzi 770 hivi za Selsiasi, sumaku haikivuti tena. (Walimu wa fizikia, mnasikia?) Hapo tukaongeza moto kidogo, tukaitumbukiza mara moja katika mafuta ya kupikia. Ikawa ngumu tena kama kioo, na mtu asiye na subira angeishia hapo, kama mimi!

Tukaisugua kwa msasa hadi ikang'aa, tukaipasha moto taratibu upande wa mpini. Rangi zikaanza kutembea kuelekea kwenye makali: manjano hafifu, kahawia, zambarau, buluu. Manjano ya nyasi kavu ilipofika kwenye makali, kama nyuzi 230, tukaizima majini. Makali yalibaki magumu, na nyuma ambako rangi ilikuwa buluu pakawa pastahimilivu.

Mpini tuliufanya mrefu, ukafungwa pete ya bomba la shaba usipasuke. Unapokereza, sogeza kiegemeo karibu kabisa na mti, inua mpini kidogo ili makali yaelekee chini, na uvae miwani. Hiyo miwani usiniulize mara mbili.

Miguu 20 ilimalizika siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Kile kipande kilichokatika ninacho sandukuni; anayetaka kuona chembe zake zilivyo aje bwenini baada ya prepu.