Maumivu Yasiyo na Jeraha: Chanzo na Tiba ya Fibromialjia

Mtoto akijikwaa na kuumia kidole, huruka, hulia, kisha hukishika kidole hicho na kukisugua. Mwanafunzi wa biolojia aweza kueleza sehemu kubwa ya tukio hilo: ncha za mishipa ya fahamu zilizomo katika ngozi huamshwa na jeraha, nazo hupeleka habari katika uti wa mgongo, na kutoka hapo hadi ubongoni. Maelezo hayo ni sahihi, ila yana upungufu mmoja. Humfanya msomaji adhani kwamba kiasi cha maumivu hulingana daima na kiasi cha jeraha, na kwamba pasipo na jeraha hapawezi kuwapo maumivu. Ugonjwa uitwao fibromialjia hauwezi kueleweka na mtu mwenye dhana hiyo.

Mgonjwa wa fibromialjia, ambaye mara nyingi ni mwanamke wa umri wa makamo, huumwa misuli na maungo sehemu nyingi za mwili, kushoto na kulia, juu na chini ya kiuno, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Huamka asubuhi amechoka kana kwamba hakulala. Husahau mambo madogo, hushindwa kukaza fikira, na aghalabu husumbuliwa pia na kichwa au tumbo. Akienda hospitali hupimwa damu na kupigwa picha za eksirei, na majibu yote huonyesha kwamba hana kitu. Hapo ndipo taabu yake ya pili inapoanza, kwani jamaa zake, wakubwa wake kazini, na hata baadhi ya matabibu, huamua kwamba anajisingizia. Inakadiriwa kuwa watu 2 hadi 4 katika kila 100 wana ugonjwa huu. Si ajabu basi kwamba katika shule kubwa awepo mwalimu mmoja anayeitwa mvivu kwa sababu hiyo.

Historia ya jina

Mwaka 1904 daktari Mwingereza William Gowers, bingwa wa mishipa ya fahamu, alitoa mhadhara juu ya maumivu ya kiuno. Alidhani kwamba maumivu ya namna hiyo hutokana na kuvimba kwa tishu za nyuzinyuzi zilizomo katika misuli, akayabuni jina la faibrositisi. Jina hilo lilidumu kwa miaka sabini, ingawa kila misuli ya wagonjwa ilipokatwa kipande na kutazamwa kwa hadubini, uvimbe uliotajwa haukuonekana. Mwaka 1976 jina la fibromialjia lilianza kushika nafasi yake. Maana yake ni maumivu ya nyuzinyuzi na misuli tu, pasipo kudai kwamba kuna uvimbe.

Mwaka 1990 chama cha Marekani cha madaktari wa baridi yabisi kilitoa kanuni za kuutambua ugonjwa huu. Daktari alitakiwa abonyeze kwa kidole sehemu 18 maalumu za mwili kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 4 hivi. Mgonjwa akiumwa katika sehemu 11 au zaidi, alihesabiwa kuwa na fibromialjia. Kanuni hiyo ilikuwa rahisi kuifundisha, lakini yule aliyeumwa katika sehemu 10 aliachwa nje bila sababu ya maana. Tangu mwaka 2010 kanuni mpya zimeuacha ubonyezaji huo. Sasa mgonjwa huulizwa ni sehemu ngapi za mwili zinazomuuma, na uchovu, usingizi mbaya na usahaulifu vimemzidi kiasi gani.

Mizani iliyoharibika

Turudi kwa mtoto anayesugua kidole. Kwa nini kusugua humpa nafuu? Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba katika uti wa mgongo mna kitu mfano wa lango. Habari za mguso zikifika langoni kwa wingi, hulifunga kwa kiasi, na habari za maumivu hupita kwa shida. Ubongo nao hushusha amri za kulifunga au kulifungua lango hilo, na kemikali mbili zitumikazo katika amri za kufunga ni serotonini na noradrenalini. Baadhi ya vipengele vya nadharia hiyo vimerekebishwa tangu wakati huo, lakini msingi wake umesimama: maumivu hupimwa na kurekebishwa njiani kabla hayajahisiwa.

Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha kwa kutumia panya kwamba baada ya jeraha, chembe za fahamu za uti wa mgongo zaweza kuwa nyepesi kuamka kupita kawaida, hata mguso mdogo ukapelekwa kama maumivu. Ushahidi kwa binadamu ulikuja baadaye. Katika umajimaji unaozunguka uti wa mgongo wa wagonjwa wa fibromialjia ilionekana kemikali iitwayo dutu P, ambayo husaidia kupitisha habari za maumivu, kwa kiasi cha mara mbili hadi tatu ya kawaida. Kisha, mwaka 2002, Richard Gracely na wenzake huko Marekani waliwachukua wagonjwa 16 na watu wazima wa afya 16, wakawabonyeza ukucha wa kidole gumba huku mashine ikipiga picha za ubongo. Kwa wagonjwa, mbonyezo wa nguvu ndogo uliziamsha sehemu zilezile za ubongo ambazo kwa watu wenye afya ziliamshwa na nguvu ya takriban maradufu.

Mfano wa mizani ya dukani wafaa hapa. Mizani ikiharibika, mzigo wa nusu kilo huupeleka mshale hadi kwenye kilo moja. Mzigo upo, na mshale umekwenda kweli. Mwenye kuusoma hakusema uongo. Kuendelea kuuchunguza mzigo, yaani misuli na mifupa, hakutaonyesha kosa lilipo.

Ni nini basi huiharibu mizani hiyo? Hapa jibu si moja. Ugonjwa huu huandama baadhi ya koo, kwa hiyo urithi una sehemu yake. Kwa wengine huanza baada ya ajali, ugonjwa wa kuambukiza, au msiba mzito. Usingizi nao umethibitika kuhusika: mwaka 1975 Harvey Moldofsky na wenzake wa Kanada waliwatumia vijana wenye afya, wakawazuia kwa kelele wasifikie usingizi mzito kwa siku chache, nao wakaanza kuumwa misuli kama wagonjwa. Kwa upande mwingine, uchunguzi wa ngozi umeonyesha kwamba wagonjwa wengi kiasi wana upungufu wa nyuzi nyembamba za fahamu. Tena mwaka 2021 watafiti wa Uingereza na Sweden waliwadunga panya kingamwili za wagonjwa, na panya hao wakawa wepesi wa kuumwa. Huenda jina moja linafunika magonjwa mawili au matatu yaliyo tofauti, kama zamani neno homa lilivyofunika mengi.

Tiba

Kabla ya tiba lazima magonjwa mengine yatafutwe, hasa ugonjwa wa tezi ya shingo, upungufu wa damu, baridi yabisi yenyewe, na kwa wafugaji, homa ya brusela. Dawa za kupunguza uvimbe hazifai kitu kwa fibromialjia, kwa kuwa hapana uvimbe wa kupunguzwa. Prednisoloni, ambayo watu wengi huinunua dukani kwa ajili ya maumivu ya mwili, haisaidii, nayo ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari ya damu. Dawa kali za jamii ya kasumba hazishauriwi.

Dawa zenye manufaa ni zile zinazogusa lango lenyewe. Amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, hutolewa usiku kwa kipimo kidogo cha miligramu 10 hadi 25, kidogo kuliko kile cha kutibu huzuni. Huboresha usingizi na kupunguza maumivu. Marekani iliidhinisha pregabalini mwaka 2007, diuloksetini mwaka 2008 na milnasiprani mwaka 2009. Zote zisitumiwe pasipo ushauri wa daktari. Wala zisitarajiwe kufanya miujiza: katika majaribio ya pregabalini, kati ya kila wagonjwa kumi hivi ni mmoja tu aliyepata nafuu kubwa ambayo asingeipata kwa kidonge kisicho na dawa.

Wataalamu wa Ulaya walipoyapitia majaribio yote na kutoa mwongozo wao mwaka 2016, tiba moja tu ndiyo iliyopewa pendekezo la nguvu, nayo ni mazoezi ya viungo. Jambo hili huwaudhi wagonjwa wengi, na si bila haki, maana mtu anayeumwa mwili mzima huambiwa atembee. Hitilafu iko katika namna ya kuanza. Anayeanza kwa saa nzima huumwa zaidi siku ya pili, akaacha kabisa. Afadhali aanze na dakika tano au kumi za mwendo wa kawaida, siku mbili au tatu kwa juma, aongeze dakika chache kila baada ya majuma mawili hadi afikie nusu saa. Maumivu yakizidi kidogo siku za mwanzo si dalili ya madhara, kwani fibromialjia haili viungo wala haipoozeshi misuli. Mgonjwa asiyeelezwa hivyo mapema hudhani anajiumiza, na kwa kawaida huacha katika juma la pili.