"Kiwanja Kina Hati." Hati Gani?

Likizo iliyopita mama mdogo alinipigia simu. Ni mwalimu mstaafu, mafao yake yalikuwa yameingia, na dalali alikuwa amemtafutia kiwanja chenye nyumba ya vyumba viwili pembezoni mwa Dar es Salaam. "Mwanangu, wewe si unasoma sheria? Wanasema kina hati. Nitoe kishanzio?" Nilikuwa kwenye daladala, nimetoka kuona B+ yangu ya Sheria ya Ardhi, kichwa kimevimba. Nikamjibu kwamba kama kina hati, atoe. Akatoa milioni mbili.

Hiyo hati niliiona kwa macho yangu wiki mbili baadaye. Ilikuwa leseni ya makazi, na muda wake ulishakwisha.

Simu za namna hii wengi wetu tunapigiwa. Kwenye ukoo, aliyeko chuo ndiye wakili, daktari na fundi kompyuta, hata kama anasoma kilimo. Basi nieleze yale ambayo ningepaswa kumuuliza mama mdogo siku ile.

Kwanza, Tanzania Bara hakuna anayenunua ardhi yenyewe. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Umiliki wa milele ulioletwa na wakoloni ulifutwa 1963. Jirani zetu Kenya bado wanao kwa raia wao, ndiyo maana Mkenya akisikia hati yako ina mwisho anashangaa. Unachonunua hapa ni haki ya kuitumia ardhi, na haki hizo hazilingani. Zinaongozwa na sheria mbili za 1999, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilizoanza kutumika 2001.

Ambayo watu wengi wanaiwaza wakisikia "hati" ni hakimiliki inayotolewa na serikali kwenye eneo lililopangwa na kupimwa. Ina miaka yake, kwa kawaida 33, 66 au 99, na ina masharti: matumizi yaliyoandikwa, kuendeleza eneo, na kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Ukivunja masharti inaweza kufutwa. Anayeinunua ananunua miaka iliyobaki, na madeni ya kodi yasipolipwa na muuzaji yatamfuata yeye. Kabla ya hati huwa kuna barua ya toleo, ile mtaani wanaiita ofa. Inaonyesha kwamba umegawiwa eneo, lakini hati kamili bado.

Leseni ya makazi ni kitu kingine kabisa. Inatolewa kwa anayeishi mjini kwenye eneo ambalo halijapangwa, kwa muda mfupi, na unatakiwa kuihuisha. Inamtambua mkazi, si karatasi ya bure. Ila kuiuza kwa bei ya hakimiliki ni sawa na kuuza bajaji kwa bei ya basi. Muuzaji wetu alikuwa na bei ya basi.

Chini ya hapo kuna maelfu ya viwanja vyenye mkataba wa mauziano tu, uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba za namna hiyo, kwa hiyo sitaki kuzidharau. Haki ipo, ila haijasajiliwa popote, na muhuri ule unathibitisha kwamba watu fulani walikaa mezani wakasaini. Hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye mali. Yule yule anaweza kusaini tena na mwingine kesho.

Kijijini mambo yanageuka. Huko kuna hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa na halmashauri ya kijiji, na kwa mwanakijiji inaweza kuwa haina kikomo cha miaka. Lakini halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ukiuziwa heka kumi na mwenyekiti chini ya mwembe, omba muhtasari wa mkutano. Akianza kukohoa, panda bodaboda urudi.

Fleti zina sheria yake ya 2008, inayokuwezesha kumiliki sehemu ya jengo pamoja na fungu lako katika ngazi, paa na uwanja. Na kama una rafiki asiye raia anayeota kiwanja Bagamoyo, mwambie kwamba mgeni hagawiwi ardhi Bara isipokuwa kwa uwekezaji, kupitia mamlaka ya uwekezaji. Kuandikisha kwa jina la mchumba ni kumpa mchumba kiwanja. Zanzibar ina sheria zake.

Nirudi kwa mama mdogo, maana leseni haikuwa tatizo la mwisho. Tulipofika pale tulimkuta mke wa muuzaji akianua nguo. Hakuwa na habari ya mauzo yoyote. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hapo hata hakimiliki ya miaka 99 isingetuokoa. Hilo nililijibia vizuri sana kwenye mtihani, jamani.

Milioni mbili imerudi nusu. Mama mdogo hajanilaumu hata mara moja, na afadhali angenilaumu. Sasa amepata kiwanja kingine, kimepimwa, bikoni zinaonekana, na safari hii ni hakimiliki kweli. Nimesoma nakala ya hati: miaka 33, kuanzia 1998. Inaisha 2031. Kuomba upya inawezekana, lakini bei anayotaja muuzaji haijui kabisa habari ya 2031. Jumatatu tunakwenda kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, tuone jina, madeni na kama benki imeweka zuio. Mke wa muuzaji tumeshaongea naye.