Mwache Aulize: Vidokezo 7 kwa Walimu wa Awali Lingeka

Mtoto wa miaka mitano wa Lingeka, mkoani Simiyu, ameona mengi kabla ya siku yake ya kwanza shuleni. Amekaa shambani mama akipalilia pamba, amefuata ng'ombe hadi lamboni, anajua kumbikumbi hutoka mvua ikinyesha. Kichwa kimejaa maswali. Inaumiza kuona maswali hayo yakizimwa kwa kuitikia "a, e, i, o, u" asubuhi nzima, tena wakati mtaala wa elimu ya awali unataka mtoto ajifunze kwa kucheza na kutenda, na umeweka kona za ujifunzaji kwa kazi hiyo. Haya yanawezekana hata kwenye shule shikizi, hata chini ya mti.

1. Anzia kwenye pamba

Simiyu ni mkoa wa pamba, na ua la pamba lina maajabu yake. Hufunguka asubuhi likiwa na weupe wa maziwa, kesho yake limekuwa la waridi. Watoto wako wameliona mara nyingi, ila huenda hakuna aliyewahi kuwauliza juu yake. Omba ruhusa kwa mwenye shamba la jirani, hakikisha halijapigwa dawa siku za karibuni, kisha kila kikundi kichague ua lake na kufunga uzi kwenye tawi. Waulize: kesho litakuwaje? Wabashiri wote, wala usionyeshe uso wa kukubali au kukataa.

Kesho yake watakimbia kwenda kuangalia, na hapo ndipo somo linaanza. Kwa nini limegeuka? Mmoja atasema jua limelichoma, mwingine atamtaja nyuki. Mwenye wazo la jua muulize: tukilifunika ua jingine kwa karatasi tangu asubuhi, tutaona nini? Mtoto wa miaka mitano anaweza kabisa kulijaribu wazo lake, akipata mtu mzima wa kumshikia karatasi.

Msimu ukiendelea, rudini shamba lile lile. Tumba likipasuka, wahesabu vyumba vyake: vitatu? Vinne? Vitano? Wachambue mbegu na kuzipanga mafungu mafungu. Hisabati ya wiki nzima imo humo, na hujanunua hata manila moja.

2. Usiharakishe jibu

Mtoto akiuliza "Mwalimu, mbuyu unakunywa maji wapi?", rudisha swali kwake: "Wewe unaonaje?" Kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi tano, hata kama kimya kinakuwasha. Watoto wengi wanatafuta wazo na wakati huohuo wanatafuta neno la Kiswahili la kulisemea. Jibu lake likiwa si sahihi, usilifute. Muulize tu tufanyeje ili tujue.

3. Kifungulie mlango Kisukuma

Watoto wengi wa huku husikia Kisukuma tangu asubuhi hadi usiku, na Kiswahili wanakutana nacho shuleni. Ukimwambia mtoto aulize kwa Kiswahili tu, utapata darasa lililonyamaza, na utadhani halina la kuuliza. Mwache aseme swali lake kwa lugha ya nyumbani, wewe au mwenzake mlirudie kwa Kiswahili, naye alirudie baada yenu. Kama hukijui Kisukuma, muombe mama au bibi wa kijijini aje kukaa nanyi. Programu ya utayari wa kuanza shule ya EQUIP-Tanzania, iliyofika Simiyu pia, iliwatumia wanakijiji waliochaguliwa na jamii yao kuwaongoza watoto kwa hadithi na michezo. Watu wa namna hiyo hawakosekani Lingeka.

4. Kizibo kimoja, maswali kumi

Weka beseni la maji katikati. Mpe kila mtoto kizibo cha soda, kile cha bati, na swali moja: kitazama au kitaelea? Kikilazwa taratibu, mdomo ukitazama juu, kinaelea kama mtumbwi. Kikijaa maji kinazama. Kizibo ni kilekile! Sasa watataka kujaribu kokoto, kibuyu, jani, gunzi la hindi. Kazi yako ni kumwaga maji mapya na kuuliza, "Mbona hiki kimezama?"

5. Darasa likijaa

Kiwango rasmi ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali, na madarasa mengi ya vijijini yanapita mbali hapo. Najua mwalimu aliyezungukwa na umati huona kona ni za shule za mjini. Anza na kona mbili. Kikundi kimoja kiwe kwenye beseni, kingine kwenye mbegu, waliobaki waimbe au wacheze nje na mama aliyejitolea, kisha wabadilishane.

Shule za awali za programu ya Madrasa, iliyoanzia Mombasa miaka ya 1980 na kufika Zanzibar na Uganda, zina utaratibu mzuri wa kuazima: mtoto anasema atafanya nini, anakifanya, halafu anasimulia alichofanya. Usiiruke hatua ya tatu hata muda ukiwa mfupi. Watoto watatu tu wakisimulia kila siku, mwisho wa mwezi kila mmoja atakuwa amesikilizwa.

Na mzee anayejua isolo, bao la Wasukuma, aje siku moja na kete zake. Watoto watahesabu bila kuambiwa wahesabu.

6. Chupa za dawa ya pamba, marufuku

Tunasifu zana za kuokota, na ni haki yake. Lakini chupa wala kopo lililowahi kubeba kiuatilifu lisiingie darasani, hata likioshwa mara saba. Kila kopo lililoletwa kutoka nyumbani liulizie lilikuwa na nini. Mbegu zilizopakwa dawa kwa ajili ya kupandwa pia zisiguswe. Tumieni zile mlizozichambua wenyewe kwenye tumba.

7. Mzazi aone kwa macho yake

Mzazi anayeona daftari tupu ana haki ya kuhofu, maana kwake kusoma ni kuandika. Usimpe hotuba. Kwenye kikao cha wazazi, kabla ya taarifa za michango, weka beseni mbele na umwachie mtoto aongoze. Ampe baba kizibo, amuulize kitazama au kitaelea, na baba abashiri mbele ya watu. Wakiondoka, waombe jambo moja: mtoto akirudi nyumbani, pamoja na kumuuliza amefundishwa nini, wamuulize pia, "Leo umeuliza nini?"